Kiti cha Mama Mbodze

Kombani,
9 Machi 1998

Mwanangu Chengo,

Pokea salamu zangu, na za dada yako Mbeyu na watoto wake, na za jirani yangu Ndulu, ambaye hapa ninapoandika anamenya viazi na kuniambia nisimsahau. Sote tu wazima. Hii mvua waliyoiita El Nino imetuondolea choo na nusu ya jikoni, lakini mbuzi wamebaki na mimi nimebaki. Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa ngumbaru, anayetufundisha sisi watu wazima kusoma, alisema mwandiko wangu unasomeka kuliko wa karani wa chifu, na alisema hivyo karani akiwapo.

Wewe habari zako huziandiki, basi nitakuandikia mimi. Hapa Kombani biharusi hatoki kwao mpaka wanawake waimbe wimbo wako wa Mama Mbodze. Kwaya ya kanisa la kina Ndulu wamechukua sauti yake wakaitia maneno ya Mungu. Wakati wa kura, wagombea wawili waliuimba jukwaa moja, kila mmoja na maneno yake, na watu wakacheza kwa wote wawili. Vijana wa mahotelini Ukunda wanaupigia Wazungu kila jioni, ila wanakimbia nao. Niliwaambia, kidole gumba cha mwanangu hakikimbii, kinatembea kama mtu aliyejitwika ndoo. Wakaniamkia shikamoo kwa heshima zote. Mmoja aliniuliza, "Bibi, ndiwe Mama Mbodze mwenyewe?" Nikamwambia, "Unaona nani mwingine hapa?"

Ndiyo, huku wananiita hivyo, na si tangu jana. Wimbo ulipotoka kwenye redio watu walisema, Chengo anamwimba mamake. Mamake ni nani? Ni mimi. Basi jina likaja lenyewe likakaa. Mimi sikulileta na sikulifukuza.

Sasa maneno yenyewe. Amekuja Bwana Musau wa Ukunda, yule anayesimamia bendi za hoteli. Wanataka mwezi wa kumi na mbili wafanye siku kubwa uwanjani, ya miaka thelathini ya uimbaji wako. Kutakuwa na jukwaa, na juu ya jukwaa kiti cha mama wa mwimbaji, kitapambwa kwa maua. Alinikuta sokoni nikinunua dagaa, watu wakamwambia, "Mama Mbodze huyu hapa." Alinishika mkono kwa mikono miwili. Nikamwambia nitakuja na wanawake sita wa Kombani. Wewe mwandikie tu umwambie ni sawa, kwani anasema mpaka neno litoke kwako.

Shangazi yako Mbodze nasikia macho yanamsumbua. Ukimwandikia, msalimie.

Mama yako akupendaye,
Sidi Katana

*

Nairobi,
2 Mei 1998

Kwako mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia, barua yako ilinisubiri kwa mwenye nyumba nikiwa safarini Machakos. Nimefurahi kusikia mbuzi wamepona. Pole kwa jiko. Msalimie Mbeyu, na Mama Ndulu mwambie nimepokea salamu pamoja na viazi.

Huku ni baridi. Studio za River Road siku hizi wanataka kinanda kipige kila kitu, na mimi nikiingia na gitaa langu kavu, lisilo la umeme, wananitazama kama mtu aliyekuja kuuza kuku. Lakini wapo vijana wanaokuja nyumbani kujifunza. Mmoja ni wa kutoka Nyeri, hajui hata neno moja la kwetu, na anaupiga mdundo wa sengenya, ngoma yetu, vizuri kuliko mimi. Anasema alijifunza kwa kaseti mpaka mkanda ukakatika. Inanifurahisha na inanichosha.

Bwana Musau ameniandikia. Anasema amemkuta Mama Mbodze ana afya njema, macho makali, na kwamba alimkosoa mpiga gitaa wake mbele ya watu. Anauliza kama kwenye tangazo aandike kwamba Mama Mbodze atatoka Kombani. Sijamjibu.

Mvua zikipungua nitaandika tena.

Mwanao,
Chengo Tembo

*

Kombani,
20 Mei 1998

Mwanangu Chengo,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu. Mbeyu ameanza kuuza mandazi karibu na stendi na yanamalizika kabla ya saa tatu, mkono huo ameutoa kwangu. Ndulu amepata kipande kipya cha shamba kule kwa walowezi wenzake. Baada ya fujo za mwaka jana za kuwafukuza watu wa bara nilidhani angerudi Ukambani asionekane tena, lakini alirudi na majembe mawili. Nilimpikia wali wa nazi siku hiyo. Akala akasema hauna chumvi.

Sasa mwanangu, umeandika "sijamjibu" kana kwamba ni neno dogo. Mwenzio nimeshanunua leso. Nimechagua ya rangi ya zambarau yenye ua jeupe katikati, na wanawake sita wamenunua kama yangu. Leo hii nikiambiwa siyo, nitawaambia nini?

Wewe sauti umeipata wapi? Baba yako Tembo, Mungu amrehemu, akiimba mbwa waliondoka uani. Sauti ni yangu. Nilikuwa nikitwanga mahindi na wewe mgongoni, na nikinyamaza unalia, nikiimba unanyamaza. Huo mdundo wako ambao watu wa Nyeri wanakuja kujifunza ni kinu changu. Hilo halikuandikwa kwenye kaseti yoyote, na mimi sijalalamika.

Mambo ya zamani ni ya zamani. Hakuna anayeuliza huku. Wewe mwache Musau aandike alivyoona. Kwani Mbodze ataumia nini? Haoni. Akikaa kwenye kiti hicho ataona nini?

Jibu upesi, mshonaji anataka kujua kama ni gauni au ni leso peke yake.

Mama yako,
Sidi

*

Nairobi,
30 Julai 1998

Mama,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Nasikia mahindi mwaka huu ni mazuri, na nimefurahi kwa Mbeyu.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Sasa sitaichana.

Neno lako juu ya macho ya shangazi nimelisoma, na sitalirudia kwa yeyote. Lakini ndilo limenifanya nimjibu Musau. Nimemwambia Mama Mbodze anakaa Msambweni, na gari liende kumchukua kwake.

Kinu chako sikikatai. Pengine ni kweli. Mimi nilikuwa na miaka sita ulipoolewa na Mwero, na vitu vya kabla ya hapo nimebaki navyo kidogo sana. Nakumbuka ulinifunga viatu mbele ya nyumba ya shangazi ukasema utakuja kunichukua mavuno yakiisha. Sikuambiwa ni mavuno ya mwaka gani. Kila basi lililotoka upande wa Kombani nilikwenda kulitazama. Shangazi hakunizuia. Nikirudi alikuwa ananipa maji ya kunawa miguu, kila mara ananipa maji. Wimbo ni huo, hauna zaidi. Watu wanauchezea harusi na sijui kwa nini. Mimi nilipoutunga nilikuwa na miaka kumi na saba na haukuwa wa kucheza.

Ulikuja mara moja, matanga ya bibi. Uliniletea shati, lenye vifungo vyekundu. Lilikuwa shati la mtoto wa miaka sita. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja. Nilijaribu kulivaa mbele yako, mkono mmoja ukaingia, ukacheka na wenzako mkasema mtoto amekua. Shangazi alikuja kulifanya kitambaa cha kufutia taa.

Sikuandiki haya ili uumie. Nakuandikia ili ujue kwa nini kiti si changu kukigawa. Njoo, mama. Nimemwambia Musau akuwekee nafasi mstari wa mbele, wewe na wanawake wako. Jukwaani sitasema neno lolote juu ya haya. Hakuna atakayejua.

Mwanao,
Chengo

*

Kombani,
16 Agosti 1998

Chengo,

Salamu. Hatujambo. Barua yako imefika.

Baba yako alipokufa, wazee wa kwao walikaa kikao wakasema mtoto wa kiume ni wa ukoo, haendi na mama kwa bwana mwingine. Ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ilivyo mpaka leo. Ulitaka nikuibe? Na Mwero alikuwa mtu wa namna yake. Mambo ya Mwero siyaandiki, amekufa, na Mbeyu ni mtoto wake.

Unasema barabara uliitazama. Barabara ni hii hii, mwanangu. Kutoka Likoni kwenda Msambweni lazima basi lipite hapa Kombani, linasimama lipakie machungwa. Wewe ni mtu mzima mwenye jina, kila mwaka unapita kwenda kwa shangazi yako. Muuza machungwa huniambia, "Mama, leo nimemwona mwanao dirishani, kavaa kofia." Nyumba yangu iko nyuma ya soko. Mara ngapi umeshuka?

Na jambo jingine, kwa kuwa umeanza. Waimbaji wote hutaja watu. Wewe umewataja wenye malori, umewataja madaktari, umemtaja mwenye bucha wa Msambweni aliyekukopesha mguu wa mbuzi, umetaja mpaka mbwa wa rafiki yako wa Kikoneni, Simba, nimemsikia kwa masikio yangu. Ukitajwa na Chengo unatembea kifua mbele. Mimi miaka thelathini nasikiliza kaseti mpaka mwisho, upande wa kwanza na wa pili, nikingoja. Sidi ni herufi nne tu. Haliharibu wimbo.

Hicho kiti kaeni nacho. Mimi sitakuja. Leso nitaifanyia kazi nyingine.

Sidi

*

Kombani,
28 Desemba 1998

Chengo,

Salamu za mwisho wa mwaka. Mbeyu ana homa lakini anatembea. Tangu Agosti hukuandika na mimi sikuandika, kwa hiyo tumelingana.

Nilikuja. Uliniona, kwa hiyo sikwambii jipya, lakini nataka uisome kutoka upande wangu.

Wanawake wangu walikataa kubaki. Ndulu alisema, "Mimi nimenunua nguo ya mia mbili na hamsini, lazima ionwe." Niliwaambia Musau ameamua kwenye kiti wakae wageni wa serikali, na sisi tutakaa chini. Wakanung'unika lakini walikubali. Hatukwenda mstari wa mbele. Tulikaa katikati, karibu na wauza mahamri, saba tumefanana kama sare za shule.

Bendi za vijana zilipiga kwanza. Nne, na zote zilipiga nyimbo zako. Yule wa Nyeri naye alipiga, na ni kweli, anajua. Mzee mmoja nyuma yangu aliwaambia wenzake kwamba kabla ya Chengo, gitaa pwani hii lilikuwa kitu cha walevi, baada ya Chengo mtu akisema mwanangu anapiga gitaa anapewa kiti. Nilitaka kugeuka nimwambie mimi ni nani. Nilijizuia. Nakwambia nilijizuia vizuri sana.

Halafu ukapanda wewe. Umekonda. Shingo imekuwa ya baba yako Tembo. Nikamwona na Mbodze, kakalishwa kwenye maua, leso nyeupe, kichwa kakiinamisha upande kama kuku anayesikiliza. Moyo wangu ukasema, sawa, Sidi, tazama uondoke.

Kisha Musau akashika kipaza sauti akasema, "Na sasa, yule mama aliyeimbwa na nchi nzima. Mama Mbodze, simama watu wakuone."

Nikasimama.

Chengo, sikukusudia. Mtu akiitwa huinuka. Miaka zaidi ya ishirini nimeitwa hivyo kisimani, sokoni, msibani, hospitali ya Kwale, kwa daktari. Miguu ilikwenda yenyewe. Na wanawake wangu sita wakapiga vigelegele, kwa maana hawakujua. Kule juu Mbodze naye alikuwa anainuliwa na msichana. Uwanja mzima ukatutazama, huku mmoja, kule mmoja. Kwanza walidhani ni mchezo. Halafu mtu akacheka, na unajua mtu mmoja akicheka uwanjani inakuwaje. Ndulu akanivuta leso, "Keti, mama. Kwani Mama Mbodze mko wawili?" Nikamwona Mbodze anamuuliza yule msichana kitu, na msichana akageuka kunitazama.

Wewe ulikuwa na kipaza sauti mbele ya mdomo wako. Uliniona. Usiniambie jua lilikuwa machoni, jua lilikuwa mgongoni kwako. Nilingoja. Nilikuwa bado nimesimama, nikingoja useme chochote, hata useme "yule ni mama yangu mzazi, amekosea, mwacheni." Hata "yule ni jirani yetu." Ukatazama chini, ukakaza uzi wa gitaa ambao haukuwa umelegea, ukaanza wimbo.

Watu wakaimba. Na mimi nikaketi.

Huku sasa watoto wakiniona husimama wote pamoja halafu huketi wakicheka. Watu wazima hawajui waniite nani. Hawataki kunikosea, kwa hiyo hawaniiti. Ndulu, ambaye nilimpikia wali, ananiita "wewe."

Sidi

*

Nairobi,
19 Januari 1999

Mama yangu,

Shikamoo. Pole kwa Mbeyu. Sina habari za kukupa leo za hali ya hewa.

Nilikuona. Jua halikuwa machoni. Nilifungua mdomo, mama. Nikafikiri, nikisema yule ndiye mama yangu, huyu aliyekaa hapa amevishwa maua atakuwa nani mbele ya watu wote hawa, naye haoni watu, anawasikia tu. Na nikisema siye, nitakuwa nimesema nini. Nikaona gitaa liko mkononi. Miaka yote hiyo neno likinishinda huliachia gitaa. Sikulaumu kwa kusimama.

Shangazi aliniuliza ndani ya gari, "Kule chini nani alisimama?" Nilimwambia ni Sidi. Tukapita Diani. Kisha akasema, "Mngempandisha. Kiti kilikuwa kipana."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nimekutungia wimbo. Nimekutaja, kwa jina lako, Sidi, mara tatu, katika kiitikio, mahali ambapo kila mtu ataimba. Yule kijana wa Nyeri anasema ni wimbo wangu bora baada ya ule. Studio wameukubali na kaseti itatoka mwezi wa nne, na mdundo ni wa kinu. Utausikia redioni, na Kombani watausikia, na watajua wakuite nani.

Nisamehe kama unaweza.

Mwanao,
Chengo

*

Kombani,
7 Februari 1999

Mwanangu Chengo,

Marahaba. Mbeyu amepona. Mbuzi mmoja amezaa mapacha, mmoja hakuishi. Ndulu ameanza tena kunisalimia kwa adabu, na nimeanza tena kumwitikia, ila sio kila siku.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee. Nimeisoma na usiku wake nikaota unaimba, lakini maneno sikuyasikia.

Wimbo huo uondoe kwenye kaseti.

Usidhani nina hasira. Hasira ninayo, lakini si hiyo inayoandika. Nakwambia kwa sababu ninajua kazi yako kuliko unavyofikiri. Wimbo wako ukitoka haurudi nyumbani. Ule wa kwanza ulikuwa wa mtoto anayengoja basi, leo watu wanauchezea harusini na wagombea wanautumia kuombea kura. Huu nao watauchezea. Watasema Sidi, Sidi, Sidi, na jasho linawatoka, na wanasiasa watatia maneno yao. Na wewe utakuwa umemaliza. Utaliachia gitaa neno hilo kama ulivyoliachia siku ile, halafu utakaa Nairobi umepumzika. Mimi nitabaki hapa nimeimbwa.

Nilikuomba unitaje. Ni kweli, niliomba, na kama ungenitaja mwaka jana mwezi wa nane ningeruka ukuta kwa furaha. Siku hizi silitaki jina la wimbo. Nilitaka neno lile moja, pale uwanjani, bila mdundo, na hukuwa nalo.

Mwambie Mbodze nimesikia alilosema juu ya kiti. Mwambie kwamba kiti kingekuwa changu, mimi nisingesema apandishwe yeye. Ajue tu.

Mwezi wa nne utapita hapa kwenda Msambweni, najua, hupiti mwaka bila kwenda. Basi likisimama, shuka. Gitaa liache kwa kondakta alipeleke mbele. Uliza kwa Sidi. Watakuuliza, Sidi yupi? Kombani tupo wanne. Hapo ndipo utawajibu, kwa mdomo wako, kwa muuza machungwa na yeyote aliyesimama karibu. Ukishindwa, panda basi uendelee. Nitaambiwa.

Ni mimi,
Sidi Katana